Risiti ndani ya Mkebe wa Sindano

Mara ya kwanza kilipasuka Jumanne,
nikishona sare za kwaya ya Bagira,
mguu juu ya pedali,
na kitu upande wa kulia kikakatika
kama uzi uliovutwa na mtoto.
Sikupiga kelele. Nilimalizia pindo.
Halafu nikalala sakafuni, maana saruji ni baridi.

Daktari, kijana wa mikono mifupi,
alinionyesha kwenye kioo cha ekografi
giza, na ndani ya giza weusi zaidi.
"Kilikuwa kifuko cha maji, Mama Nsimire.
Kimepasuka chenyewe, mwili utayanywa.
Pumzika. Maji ya moto tumboni, dawa ya maumivu, siku mbili tatu.
Ila."
Hapo alivua miwani.
Akaandika nyuma ya risiti.
Nikaikunja, nikaiweka katika mkebe wa sindano,
mahali ambapo sijawahi kupoteza kitu.

Mara ya pili, ya tatu, nilikuwa mwenyeji.
Chupa iliyoviringishwa kitenge,
magoti kifuani,
mchuzi wa sambaza bila pilipili.
Mama mkwe akisema mlangoni, kwa huruma kabisa:
"Tumbo la wanawake ndilo hilo.
Mimi nilizaa tisa na sokoni nilifika."

Usiku ule wa mvua, umeme umekatwa tangu jioni,
maumivu yalikuja na lugha nyingine.
Nilikunja magoti, hayakusikia.
Nikasimama, ukuta ukasogea.
Jasho la baridi. Sauti ya Cibalonza ikatoka mbali
ingawa alinishika mkono.
Na bega. Bega!
Mimi ambaye sikubeba ndoo siku hiyo.
Nani angejua kwamba tumbo likizidiwa
hulituma bega liseme?

"Mkebe," nikamwambia.
Akasoma kwa tochi ya simu, akikwama,
maana mwandiko wa madaktari ni kichaka:
maumivu ya ghafla yasiyotulia,
kizunguzungu au kuzimia,
homa, kutapika,
damu nyingi, bega,
au ikiwa una mimba, au hujui.
"Unajua?"
"Sijui."
Mama mkwe alikuwa ameshawasha makaa achemshe majani.
Cibalonza, ambaye tangu aolewe kwetu
hajawahi kumjibu mkubwa,
akasema: "Mama, majani yatangoja."

Ngazi za Kadutu kutoka kwetu hadi barabarani
ni mia moja ishirini na nne.
Nilizihesabu zamani, nikiwa na mimba ya Ciza.
Usiku ule nilifika thelathini na moja.
Zilizobaki Murhula alinibeba mgongoni kama gunia la makala,
maji ya matope yakishuka pamoja nasi,
chini kabisa ziwa halina hata taa moja.
Aliteleza mara mbili. Hakusema neno.
Shingo yake ilitetemeka chini ya kidevu changu.

Walidai amana kwanza.
Cibalonza akaweka simu yake mezani,
ileile iliyotusomea.

Nje hakukuwa na tone.
"Damu ilimwagika ndani ya nyumba,"
muuguzi alisema asubuhi, akibadilisha chupa,
"na mlango umefungwa."
Mimba haikuwapo. Kifuko kilikuwa kimepasua mshipa.
Nimeikagua mishono yao: mitatu, midogo.
Si mibaya. Wa kitovuni umekaa upande.

Simu bado hatujaikomboa.
Namshonea Cibalonza bure hadi Pasaka.

Jana msichana, Mugoli wa kule Nyamugo,
alikuwa akijaribu gauni la harusi ya dada yake,
akajishika ubavu, akaniambia si kitu.
Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.
Nikatoa pini zote kwenye kitambaa, moja moja.
Nikafungua mkebe.
"Na kama ni tumbo la kawaida tu?" aliuliza.
Basi utarudi umekasirika, nauli imepotea.
Kasirika, mwanangu. Njoo unitukane hapahapa.
Pindo nitamalizia mimi.